Figa Lililonyamaza

Kazi yangu ni kuua mashine. Wenzangu ofisini huzijenga na kuzipamba, mimi huja nyuma yao nikachomoa waya, nikazima umeme, au nikaijaza moja kazi mpaka ipumue kwa shida, kisha nakaa pembeni kuangalia kama zilizobaki zitaendelea au zitaduwaa. Nalipwa kwa hilo, na sijawahi kupata kazi niliyoipenda zaidi. Mama, ambaye hakuwahi kumwacha mtu bila jina la utani, aliniita Bomoa tangu nilipokuwa mtoto wa kufungua redio za watu. Jina likanifuata mpaka kazini, kwa sababu kaka yangu mkubwa yuko ofisi hiyohiyo na mdomo wake hauna kifuniko.

Kaka ndiye aliyejenga kile nilichokuwa nakivunja. Ni mashine tatu, katika majengo matatu ya mji, zinazoongoza magari ya wagonjwa. Simu ya dharura ikiingia kwenye moja, hiyo huziambia nyingine mbili, zinakubaliana simu hiyo ikae wapi kwenye foleni na gari lipi liende, na kila moja inaandika vilevile kama wenzake walivyoandika. Moja ikifa, mbili zinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ikibaki moja peke yake, inatakiwa isimame na isiamue kitu. Kaka aliziita Mafiga, kwa kuwa figa moja haliinjiki chungu. Nilimwambia hata mawili hayainjiki chungu. Akaniambia nisiwe mjuaji.

Swali ni moja tu: mashine iliyo jengo hili itajuaje kwamba mwenzake wa jengo lile amekufa? Jibu la Kaka lilikuwa rahisi. Kila figa hutuma neno moja kwa wenzake, tena na tena, kutwa kucha: nipo, nipo, nipo. Likinyamaza moja, yale mawili husubiri kidogo, kisha huulizana, hukubaliana kwamba mwenzao hayupo tena, huandika orodha mpya ya wanakundi isiyo na jina lake, na kazi inasonga. Ule muda wa kusubiri Kaka aliuita subira. Ofisi nzima tulizoea kusema hivyo. Utasikia mtu anasema subira ipunguzwe, mwingine anasema subira ya jana imetuponza, na mgeni akipita mlangoni anadhani tuko kwenye mawaidha.

Sasa, aliyedhaniwa amekufa akirudi je? Hapo ndipo mimi na Kaka tulipogombana. Kwa sheria yake, anayerudi hapokelewi kama yule aliyetoka. Anaambiwa: wewe ulikufa, tupa ulichonacho, chukua nakala ya kwetu, uingie kama mgeni. Lengo ni wote watatu wawe na neno moja. Akirudi na yake akayachanganya na ya wenzake, magari mawili yanaweza kutumwa kwa mgonjwa mmoja na mwingine akakosa kabisa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa siku ya Alhamisi. Figa la Tatu lilikuwa kwenye jengo kuukuu ambako laini ni mbovu na joto ni kali, na mara nyingi lilichelewa kuitikia. Wapokea simu walilalamika kwamba skrini zinaganda kwa kumngoja huyo mmoja, basi Kaka akapunguza subira. Tangu hapo Figa la Tatu likawa linafukuzwa na kurudishwa, linafukuzwa na kurudishwa, mpaka ukalionea huruma. Nilimfuata mezani kwake. Alikuwa anakula karanga akizitoa kwenye mfuko wa shati.

"Kaka, Figa la Tatu halifi. Linachelewa tu. Unalizika linapumua."

"Utajuaje kama linapumua?"

"Kwa kulisubiri."

"Mpaka lini?" Alinisogezea karanga. "Nitajie, Bomoa, niandike. Ukiwa upande huu, aliyekufa na aliyechelewa wote wako kimya. Hakuna fundi aliyewahi kupata njia ya kuwatofautisha kwa uhakika, na sitakuwa mimi wa kwanza. Ama usubiri milele, ama uamue, na siku nyingine ukosee."

Alikuwa sahihi, na ndicho kilichoniudhi. Kaka akiwa sahihi huinua nyusi kidogo, na ukimjua tangu utotoni unatamani kumwagia maji.

"Sawa," nikasema. "Basi likirudi lisiambiwe litupe kila kitu. Liulizwe kwanza, una nini ambacho sisi hatuna? Pengine lilipokea simu ya mtu kabla halijakatika, na wenzake hawakuisikia."

"Huyo mtu atapiga tena."

"Na kama hawezi kupiga tena?"

Alitafuna karanga yake hadi ikaisha. "Kundi haliwezi kusimama kwa ajili ya mmoja. Wengi wape. Ukitaka nibadilishe, niletee ushahidi Jumatatu, si hadithi."

Nilimwambia atauona huo ushahidi, nikatoka na kuubamiza mlango, mlango wa watu usio na kosa.

Nieleze na mambo ya nyumbani, maana kwetu kazi na nyumba haviko mbali. Tumezaliwa watatu: Kaka, mimi, na kitindamimba wetu ambaye ni kinyozi, na hata Mama humwita Kinyozi. Baba alipougua tulishindwa vibaya. Kila mmoja alidhani mwenzake amenunua dawa, kila mmoja alimpa daktari jibu lake, na jambo dogo kama la kumhamisha kitanda lilitugombanisha siku nzima. Baada ya mazishi Kaka alituketisha kwenye sebule ya Mama, akatoa sheria.

"Tuko watatu," alisema. "Jambo la Mama likitokea, linaulizwa kwenye kundi letu la simu. Wawili wakikubaliana, limepita. Asiyejibu hatasubiriwa sana, wala hatalaumiwa. Lakini akirudi asifungue upya yaliyokwisha kuamuliwa. Atapokea na kuendelea nasi."

Kinyozi akacheka. "Yaani asiyekuwepo na lake halipo."

"Ndiyo hivyo."

Mimi niliijua ile sheria ilikotoka, nilikuwa naivunjavunja kila siku kazini. Nilicheka pia, nikakubali kwa mikono miwili. Na kwa kweli ilitufaa. Paa la Mama lilitengenezwa bila kelele, safari za kliniki zikapangwa, tukaanza hata kupendana upya. Siku moja Kinyozi alinyamaza tangu asubuhi kwa kuwa alikuwa anawanyoa watu wa harusi, nasi wawili tukaamua mlango wa Mama upakwe rangi ya kahawia. Jioni akaja na kopo lake la rangi ya kijani, amelinunua kwa furaha zake zote. Nilimwambia, "Wewe ulikuwa umekufa, karibu tena kwenye kundi." Mama alicheka mpaka akakohoa. Kinyozi akalipeleka kopo lake stoo, na nadhani liko huko hadi leo.

Kile kikohozi cha Mama hakikuwa cha kucheka peke yake. Sauti ilianza kukwaruza, kisha ikawa inakatika katikati ya maneno. Na mjue kwamba sauti ya Mama ndiyo iliyotulea. Maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye ubao wa kuunganishia simu, vifaa masikioni, akisema "subiri nakuunganisha" kwa namna ambayo watu walipiga simu zisizo na maana ili wamsikie. Hata baada ya kustaafu, akipokea simu nyumbani husema jina la mtaa kwanza, ndipo anakuuliza unamtaka nani, wakati nyumba nzima yuko peke yake.

Daktari wa upasuaji alikuta uvimbe kooni. Alitueleza njia mbili, kwa utulivu, sote tukiwa mbele yake. Ya kwanza ni kuondoa kisanduku chote cha sauti pamoja na uvimbe: Mama atapumua kwa tundu la shingoni, hatasema tena, lakini ugonjwa una nafasi kubwa ya kuwa umekwisha. Ya pili ni kumchoma kwa mionzi na kukiacha kisanduku: sauti huenda ikabaki, na ugonjwa huenda ukarudi. Mama alisema atafikiri. Walimlaza wodini, upasuaji au mionzi ianze Jumatatu, na yeye akaahidi kutupa jibu Jumapili tukiwa wote watatu.

Ijumaa alasiri nilikwenda kumwona peke yangu. Alikuwa amekaa kitandani amejifunga leso kichwani, anawapangia wagonjwa wenzake nani azungumze na nani. Sauti yenyewe ilikuwa imebaki mnong'ono.

"Bomoa, sogea. Sitaki kupiga kelele, na hata nikitaka siwezi."

Nikasogea.

"Sitaki waitoe."

Nilijua anazungumzia nini.

"Mionzi naikubali," alisema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Ikininunulia muda mfupi, haidhuru. Nimewaunganisha watu umri wangu wote, mwanangu. Najua mtu akikatwa laini anavyobaki. Anasema halo, halo, na huku hakuna anayesikia. Mimi siwezi kukaa hivyo miaka. Nataka niondoke nikiwa nawatania."

"Mama, ukiwa bubu utakuwa bado Mama."

"Umekunja uso. Najua wewe ungeitoa." Alinishika kidole kimoja tu, kama alivyozoea tulipokuwa tunavuka barabara. "Hujakubali, lakini umesikia. Nimekwambia wewe kwa sababu wewe husikia kwanza ndipo unabisha."

"Niwaambie wenzangu?"

"Usiwaambie kwenye simu. Kaka yako atapiga hesabu, na Kinyozi atalia. Jumapili nitawaambia mwenyewe kwa mdomo huu huu, wakati bado ninao. Wewe utakuwa upande wangu wakianza makelele."

Nikamwambia sawa. Moyoni nilitaka aishi hata kama ni kwa ishara za mikono, siwezi kudanganya. Lakini lile lilikuwa neno lake kuhusu koo lake, na nilikuwa nimelipokea. Nilipokuwa natoka wodini kidole changu kilikuwa tayari juu ya simu. Nilifikiri niandike mstari mmoja tu, Mama amechagua mionzi, atawaeleza Jumapili. Nikairudisha simu kwenye mkoba kwa sababu ameniambia nisifanye hivyo, na kwa sababu Jumapili si mbali.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kumtafutia Kaka ushahidi wake. Ofisi ilikuwa imefungwa, yuko mlinzi tu. Chumba cha mashine hakiingizwi simu, ni sharti la wenye mfumo, kwa hiyo niliiacha yangu kwenye droo ya meza ya mlinzi kama siku zote, nikavaa koti zito maana humo baridi haina utani. Sikumwambia mtu yeyote naenda. Nilitaka Kaka ashtuke Jumatatu, anyanyue nyusi zake kwa jambo jingine safari hii.

Nilikuwa na mafiga matatu ya majaribio, mfano halisi wa yale ya mjini. Nilipeleka simu ya bandia kwenye la Tatu, na papo hapo nikalibana laini yake hadi neno lake la "nipo" likawa linatoka kwa kuchelewa. La Kwanza na la Pili yakasubiri ile subira fupi ya Kaka, yakaulizana, yakakubaliana, yakaandika orodha ya wawili. La Tatu halikujua kitu. Lilikuwa linaendelea kusema nipo, nipo, na ile simu mkononi mwake, mgonjwa wa kubuni mtaa wa kubuni, anangoja gari. Nilipolifungulia laini likarudi mbio kwa wenzake. Likaambiwa litupe. Likatupa. Ile simu ikapotea, na hakuna popote palipoandikwa kwamba iliwahi kupigwa.

Nilirudia, ikapotea tena. Nikarudia mara nyingine kwa namna nyingine, ikapotea vilevile. Nilicheka peke yangu humo ndani. Aibu yangu kubwa ni kile kicheko, kwa sababu saa ileile nilikuwa natafutwa.

Nilipotoka, mlinzi alinipa simu huku akisema imelia hadi droo ikatetemeka. Nikasoma ujumbe wa kundi letu nikiwa nimesimama pale mezani, koti bado mwilini.

Kaka aliandika kwamba amefika kumwona Mama, akamkuta anakosa pumzi, uvimbe umeziba njia ya hewa, wanampeleka chumba cha upasuaji. Kisha: daktari atamfungulia tundu apumue, hilo halina mjadala. Anauliza aishie hapo, au akiwa ndani aondoe kila kitu. Mama hajitambui vizuri, hawezi kujibu. Daktari anataka jibu la familia sasa hivi.

Kinyozi: Mimi nataka Mama awe hai. Basi.

Kaka: Anasema akiishia kwenye tundu, ugonjwa unaweza kusambaa, na kumfungua mara ya pili ni hatari zaidi. Naona aondoe. Bomoa?

Kaka: Bomoa upo?

Kinyozi: Dada jibu.

Kaka: Bomoa.

Kisha orodha ya simu alizonipigia. Halafu mstari wa mwisho: Hayupo. Tuko wawili, tumekubaliana. Nimetia saini.

Nililia mbele ya mlinzi, mtu ambaye hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu, na yeye maskini akadhani nimefiwa. Njia nzima hadi hospitali nilikuwa nagombana na watu moyoni. Nilimkasirikia Mama kwa kusema tungoje Jumapili, Kaka kwa saini yake, daktari kwa haraka zake, hata mlinzi na droo yake. Niliporudi kwangu mwenyewe nikakuta ndiko hasira zilikokuwa zinaelekea tangu mwanzo. Mstari mmoja tu Ijumaa ungetosha.

Niliwakuta kwenye benchi la korido. Kinyozi amelalia bega la Kaka, mtu mzima mwenye ndevu, kama alivyokuwa akilala alipokuwa mdogo. Kaka alinyanyuka akanikumbatia kwa nguvu.

"Ametoka salama," alisema. "Wametoa yote. Daktari anasema pembeni kote ni safi. Tulikutafuta sana, Bomoa."

"Nilikuwa chumba cha mashine."

"Jumamosi?"

"Nilikuwa nakutafutia ushahidi."

Alinielewa mara moja, nikaona uso wake unavyobadilika. Alikaa chini taratibu.

"Simu iliita tu," alisema. "Ikaita, ikaita. Daktari amesimama mlangoni na glavu mkononi, ananiangalia. Ningekusubiri mpaka lini?"

Alhamisi swali hilo alilitoa kwa kunikomoa. Sasa alikuwa ananiuliza kweli.

"Jana ulikaa naye," akaendelea. Sauti yake ilishuka. "Alikuambia lolote? Alikuwa ameshaamua?"

Kinyozi naye akainua kichwa. Nilikuwa nimekuja na lile neno mdomoni, nimelibeba njia nzima, na nilikuwa nimekusudia kuwatupia. Kisha nikaiangalia mikono ya Kaka. Ilikuwa juu ya magoti, na wino wa kalamu ya hospitali ulikuwa umemwagikia kidole chake cha shahada. Kama ningesema, kisanduku cha sauti kisingerudi shingoni mwa Mama. Kingebaki tu kile kidole, na mwenye kidole angekiangalia hadi kufa kwake. Kinyozi asingeweza tena kuingia chumba kimoja na Mama. Walifanya walivyofanya kwa kumpenda, kwa sheria niliyoikubali mwenyewe huku nacheka.

"Hapana," nikasema. "Tulizungumza mambo ya kawaida. Alikuwa anawatania wagonjwa wenzake."

Kaka akashusha pumzi ndefu. "Basi tumefanya sawa."

"Mmefanya sawa, Kaka."

Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalinifika palepale kwenye benchi, hayakungoja.

Jumapili ambayo tulikuwa tukutane Mama alikuwa usingizini, nasi tukamzunguka. Jumatatu Kaka aliniita pembeni ya korido, macho mekundu, akaniambia amesoma matokeo yangu yote.

"Ulikuwa sahihi," alisema. "Nabadilisha. Figa likirudi litaulizwa kwanza lina nini. Nitaongeza na subira, wapokea simu wakitaka wanitukane."

Ni ushindi ambao wiki iliyopita ningeutembeza ofisi nzima. Nilimwambia ahsante, nikamwomba tusizungumzie kazi.

Mama alipoamka vizuri, muuguzi alimpa kibao cheupe na kalamu ya kufutika. Aliponiona naingia alifungua mdomo. Nilijua kwa macho yake kwamba alitaka kunitania, labda kuhusu nywele zangu ambazo sikuzichana tangu Jumamosi. Hewa ikatoka shingoni kwa mlio mdogo, mdomo ukabaki wazi bila kitu. Akaufunga. Akaangalia dirishani kwa muda. Kaka, aliyekuwa amekaa upande wa pili, alisema anakwenda kutafuta chai, ingawa hakuna aliyeomba chai. Kinyozi alikuwa ameshakwenda kwenye wateja wake.

Mama alisubiri mpaka mlango ukafungika. Kisha akachukua kibao, akaandika kwa mwandiko wake wa zamani, ule wa kuandika haraka nani anamtaka nani, akanigeuzia.

Uliwaambia?

Nilikuwa na majibu matatu, na yote nilikuwa nimeyapitia usiku. Ningesema ndiyo, niliwaambia, na hapo angewachukia wanawe wawili kwa kosa ambalo hawakulitenda. Ningesema ukweli wote, kwamba nilikuwa nimejifungia mahali pasipo simu, na yeye aliyekaa kwenye laini za watu umri mzima angeuliza swali moja tu, kwa nini hawakunisubiri. Na mwenye kujibu swali hilo alikuwa anarudi kwenye korido na kikombe mkononi.

"Sikuwaambia, Mama."

Alingoja. Aliniangalia akingoja yafuatayo, maana alinijua kuwa mtu wa maneno, mtu wa kubisha na kujieleza mpaka ukasirike. Niliona anakumbuka uso wangu wa Ijumaa, jinsi nilivyoukunja, na nikaona anavyofika mahali ambapo mtu yeyote angefika: kwamba nilisikia, sikupenda nilichosikia, nikakaa nacho kimya mpaka ikawa nilivyotaka mimi. Ningeweza kumzuia asifike huko. Nilitamani kumzuia kuliko nilivyowahi kutamani jambo lolote. Nilishika ukingo wa kitanda, nikanyamaza.

Mlango ulifunguka, Kaka akaingia na chai. Mama akafuta kibao kwa kiganja, haraka, kabla hajakiona. Akaandika tena, akamwonyesha yeye.

Umekonda. Inywe wewe hiyo chai.

Kaka alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akakaa kitandani, akambusu mkono. "Mwone huyu, Bomoa," akaniambia. "Sauti imekwenda, mdomo umebaki." Mama akamtabasamia, akampangusa shavu kwa ncha ya leso. Kisha akanipa mimi kibao na kalamu niviweke mezani, akajigeuza ubavu, akalala ameelekea upande wa Kaka.